Nunua kava ya kulazwa, kliniki jilipie: vile nalinganisha bima za afya

Nianze na msimamo wangu ili asiyekubaliana nao ajue mapema. Kama wewe ni mtu mzima unafanya kazi, huna ugonjwa wa kudumu, huna watoto wadogo, na pesa ya bima inatoka mfukoni mwako si kwa mwajiri, nunua kava ya kulazwa iliyo nzito kadri ya uwezo wako, na hii ya matibabu ya nje, yaani kliniki bila kulazwa, achana nayo. Maejenti hawapendi kusikia hivi, na nina marafiki maejenti, watanisamehe.

Mie niliacha kazi ya ofisi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, sasa hivi nafanyia watu hesabu za biashara nikiwa nyumbani. Nilipokuwa kazini bima sikuijua hata sura yake, nilikuwa na kadi tu, natoa kidole kwenye mashine naandikiwa dawa naenda zangu. Siku ukitoka kazini kadi ile inazimwa, na hapo ndipo unaanza kuletewa makotesheni, karatasi za bei za makampuni, kwenye WhatsApp, PDF juu ya PDF, kila moja ina familia inacheka na namba kubwa mbele, milioni tatu, milioni tano, milioni kumi, na wewe uko pale unajiuliza zinatofautianaje zote zikiwa zimeandikwa "kava kamili".

Kabla ya hizo za binafsi, SHA, ile bima ya afya ya serikali. Wako watu wananiambia ati wakipata bima ya kampuni SHA wanaiacha ilale. Usifanye hivyo. Kwanza ni sheria, NHIF iliyokuwa kabla yake iliondoka na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko SHA, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine na hakuna dari, zamani ukipata laki moja ama laki tano ulikuwa unakatwa 1,700 basi, saa hii wa laki moja ni 2,750 na wa laki tano ni 13,750, na mwajiri haongezi kitu. Sisi tunaojiajiri tunaulizwa maswali ya nyumba na choo na mifugo halafu tunapangiwa cha kulipa, chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na wanakitaka cha mwaka mzima.

Pili, na hii ndiyo watu hawaisomi: polisi nyingi, yaani mikataba, za bima ya binafsi zimeandikwa kwamba SHA ilipe sehemu yake kwanza wao wamalizie. SHA yako ikiwa imelala kampuni haiji kukulipia ile sehemu ya SHA, inaikata kwenye bili na unaachiwa wewe. Kwa hivyo ile SHA ndogo unayoidharau ni sehemu ya kava yako kubwa.

Lakini SHA peke yake kwa hospitali za binafsi haifiki mbali, tuseme ukweli. Ilipoanza, kujifungua kwa operesheni iliwekewa elfu 30, kujifungua kawaida elfu 10, ICU elfu 28 kwa siku. Elfu 28 kwa ICU si mbaya kwa karatasi. Ila hiyo operesheni ya elfu 30, nenda ukaulize bei yake Nyali ama Kisiwani kwenye hospitali kubwa za binafsi uone, ni mara kadhaa ya hapo. Ile tofauti ndiyo unayoinunulia bima ya binafsi.

Sasa turudi kwa msimamo wangu. Kwa nini kulazwa na si kliniki?

Hebu fikiria kampuni ya bima inafanyaje hesabu. Watu mia wakinunua kava ya kulazwa, wengi wao mwaka ule hawatalala hospitali hata usiku mmoja, wachache watalala, na mmoja wawili bili itawatoa jasho. Pesa ya wale wengi inawalipia wale wachache, ndiyo maana kwa malipo ya makumi ya maelfu unaweza kupewa kava ya milioni. Ile ya matibabu ya nje haiko hivyo. Kila mtu ana mafua, kila mtu ana jino, kila mtu akishakuwa na kadi kichwa kikimuuma kidogo anaenda, na daktari naye akiona kadi anaandika vipimo vinne badala ya kimoja. Kampuni inajua hayo, kwa hivyo bei inayokuuzia ni karibu sawa na ile utakayotumia, inaongeza gharama zake za ofisi na komisheni ya ejenti, halafu inakuwekea kopei, pesa ya kujitolea mwenyewe kila ukienda, pale dirishani, mia tano, elfu moja, kwingine zaidi. Tuchukue mfano uko na kava ya nje ya limiti elfu 50 na unailipia elfu 25 kwa mwaka. Ili ikulipe lazima uumwe vya kutosha bili zipite elfu 25, na juu kabisa huwezi kupata zaidi ya elfu 50. Yaani unachokinga ni hasara ya elfu 25 zaidi ya ulizokwisha toa. Hiyo elfu 25 weka Sacco ama M-Shwari, mwaka ukiisha hujaumwa ni yako.

Mwenye watoto chini ya miaka mitano hesabu yake ni nyingine, mtoto wa chekechea analeta kikohozi nyumbani kila wiki mbili na kliniki za watoto si rahisi, huyo anunue ya nje na ataila vizuri sana. Mwenye presha ama sukari pia, dawa za kila mwezi zinahesabika, ila naye aangalie limiti ya magonjwa ya kudumu ndani ya hiyo kava ya nje manake mara nyingi imefungwa kwa kiwango chake cha chini.

Kuna mtego mmoja kwenye ushauri wangu na siwezi kuupita. Siku hizi mambo mengi mazito hayahitaji kulala. Picha ya MRI unaingia unatoka. Kamera ya tumboni unafanyiwa asubuhi mchana uko kwako. Mtoto wa jicho unatolewa na siku ile ile unarudi. Sasa kama huna kava ya nje, hizo zinalipwa na nani? Inategemea polisi imeandikwaje. Nyingine zinahesabu operesheni ya kutwa kama kulazwa, nyingine zinalipa MRI kwenye upande wa kulazwa hata kama hukulazwa almradi uombe ruhusa kwanza, nyingine zinakwambia hiyo ni matibabu ya nje, kwaheri. Kemo na mionzi za saratani, na dialisisi ya figo, nyingi zinaweka upande wa kulazwa lakini usikisie, uliza. Mie hili ndilo swali langu la kwanza kwa ejenti yeyote sasa, kabla hata ya bei: nikifanyiwa MRI bila kulazwa mnalipa? Na simwachi anijibu kwa mdomo. Kuna mmoja alinipigia, kijana mpole ana adabu, akaniambia, "Dada, hii inakava kila kitu." Nikamwambia sawa kaka, nitumie ukurasa ulioandikwa kila kitu. Akacheka. Akanitumia kweli, na pale kwenye jedwali MRI ilikuwa upande wa nje.

Hilo jedwali ndilo la kulinganisha. Si ile namba ya mbele. Kila kotesheni ina ukurasa mmoja wa jedwali la faida, mara nyingi wa tatu au wa nne, maandishi madogo, na huko ndiko milioni tano zinakokatwa vipande. Unaambiwa limiti ya kulazwa ni milioni mbili, sawa, shuka chini: magonjwa uliyokuwa nayo kabla pamoja na ya kudumu, laki tatu. Saratani, ina limiti yake. Magonjwa ya akili, limiti yake, na siku hizo ukiumwa msongo wa mawazo ukalazwa utashangaa inavyoisha haraka. Uzazi, limiti yake, operesheni ya kwanza ya dharura ina ya kwake na ile uliyoipanga ina ya kwake. Meno na macho kama ni kwa ajali tu ama na kwa ugonjwa. Sasa jiulize, mtu wa miaka 38 kama mie nini kitanilaza? Ajali, uzazi, fibroidi yaani uvimbe wa kizazi, presha iliyojificha, ama saratani. Ukiondoa ajali, vyote hivyo vina limiti zake ndogo. Kwa hivyo ile milioni mbili kwa wengi wetu ni ya ajali na malaria kali, kwingine kote unatumia namba za chini. Kampuni mbili zinaweza kuwa na namba moja mbele na saratani ikawa laki tatu huku na milioni moja kule, na bei zikapishana elfu chache tu. Hapo ndipo pa kulipa zaidi.

Angalia pia kama limiti ni ya kila mtu ama ya familia nzima. Milioni mbili ya watu wanne wanaogawana si sawa na milioni moja ya kila mtu, ingawa mbele inasomeka kubwa zaidi.

Halafu kitanda. Hili nimeliona kwa macho yangu. Shemeji yangu alikatwa kidole tumbo kwenye hospitali fulani, operesheni ilienda salama, siku ya kutoka daktari akasaini asubuhi. Tukakusanya nguo, tukakaa kwenye kitanda kilichotandikwa, tukangoja. Mchana ukapita. Nesi kila tukimuuliza, "Mama, sisi tushatuma, tunangoja bima wajibu." Chai ya saa kumi ikaja ikanywewa na wageni, mgonjwa mwenyewe amechoka kukaa, magharibi ikaingia ndio karatasi ikatoka, na karatasi yenyewe ina deni. Deni la nini na ana kava? Kitanda. Kava yake ilikuwa ya kitanda cha elfu 8 kwa siku, na usiku ule alipoingia wodi ya kawaida ilikuwa imejaa akapelekwa chumba cha peke yake cha 12,500. Hakuna aliyemwambia na wala hakuwa katika hali ya kuambiwa, alikuwa amejikunja tumbo linamuua. Siku tatu mara 4,500 ni 13,500, pamoja na vitu vidogo vidogo vya matumizi ambavyo bima haikuvikubali. M-Pesa ikatoka hapo hapo. Tangu siku ile kwenye jedwali naangalia mstari wa kitanda, kama imeandikwa kiwango cha pesa ama aina ya chumba, na naulizia: wodi ikijaa inakuwaje? Zipo zinazosema ikijaa utapandishwa bila kudaiwa kwa saa kadhaa za mwanzo. Zipo zisizosema kitu, na kisichosemwa kwenye polisi usikitegemee.

Orodha ya hospitali nayo. Sisi wa Pwani tuna tatizo letu ambalo ejenti wa Nairobi halifikirii. Ugonjwa mdogo utatibiwa Mombasa, Aga Khan iko, Pandya iko, Mombasa Hospital, Premier kule Nyali. Ugonjwa mkubwa mara nyingi unaambiwa nenda Nairobi. Sasa kava ya bei ya chini inaweza kuwa na hospitali zote nzuri za Mombasa lakini Nairobi imetoa zile za bei ghali, Aga Khan ya Parklands na Nairobi Hospital huwa ndizo za mwanzo kutolewa ama kuwekewa kopei nene. Ikawa daktari wako kakuandikia barua ya kwenda kwa mtu fulani kwenye hospitali ambayo kadi yako haifanyi kazi. Mie nilichukua orodha nikatafuta hospitali mbili za Mombasa ninazoweza kufika usiku bila kuvuka feri wala kutegemea daraja, na mbili za Nairobi zenye madaktari wa saratani na wa moyo. Kava ambayo haina hizo nne niliitupa hata sikuangalia bei. Na orodha yenyewe ombeni ya mwezi huu, manake hospitali na kampuni za bima wanagombana kuhusu malipo kila mara na jina linatoka kimya kimya.

Muda wa kungoja nadhani wengi mnaujua, ule unaopita tangu ununue mpaka kampuni ianze kulipa. Ajali inalipwa tangu siku ya kwanza, ugonjwa wa kawaida kwa kawaida siku 30, operesheni zisizo za dharura miezi miwili mitatu, uzazi miezi tisa kwenda kumi na mbili, ugonjwa uliokuwa nao kabla mwaka mmoja, na vingine kama saratani vinaweza kwenda mpaka miaka miwili. Kwa hivyo ukinunua ukiwa na mimba umechelewa. Kitu ambacho watu hawajui, na kama uko kazini sasa hivi unasoma hii ukipanga kuacha basi hapa ndipo pa kusimama, ni kwamba baadhi ya makampuni yanakuondolea muda wa kungoja kama unatoka kava nyingine bila kukaa nje muda mrefu. Unachohitaji ni barua kutoka bima ya kazini kwamba ulikuwa mwanachama kutoka lini mpaka lini na limiti zilikuwa ngapi. Iombe HR kabla hujarudisha laptopu. Ukishakaa nje muda mrefu barua hiyo haina kazi tena, unaanza foleni upya kama mtu mgeni.

Kuhusu fomu: andika ukweli. Kuna msemo mtaani ati presha usiiandike watakupandishia bei. Watakupandishia kweli, ama watakuwekea mwaka wa kungoja. Lakini ukificha, siku utakapopata kiharusi kampuni itaomba faili lako la hospitali, na faili limeandikwa tangu mwaka 2019 unameza vidonge vya presha. Wana haki ya kukataa bili yote, si ya presha tu, na hakuna wakili wa kukuokoa hapo. Mwaka mmoja wa kungoja ni afadhali.

Kuna njia nyingine kwa wenye magonjwa ya kudumu. Kikundi. Makampuni mengi yana kava za biashara ndogo na za vikundi vilivyosajiliwa, na kwenye kikundi masharti ya magonjwa ya zamani huwa laini zaidi kuliko mtu akienda peke yake, manake hatari imesambazwa. Kama una wafanyakazi wachache dukani, ama Sacco yenu ina mpango, uliza huko kwanza. Ubaya wake ni kwamba ukitoka kwenye kikundi kava inabaki nyuma.

Bei. Kotesheni inapangwa kwa umri, na madaraja mengi yanapanda ukifika 30, 40, 50. Mie niko karibu na 40 kwa hivyo sikuangalia bei ya mwaka huu tu, niliomba jedwali la bei zote na nikasoma mstari wa 40 mpaka 49 na ule wa 50 mpaka 59. Kuna kampuni iliyokuwa rahisi kwa umri wangu, ila kwenye hamsini inapaa vibaya, na kuingia kwingine ukiwa na miaka hiyo ukiwa tayari na presha si mchezo, na kukaribia 60 ama 65 wengi wanafunga mlango kabisa kwa mtu mpya. Kava ya afya ni ndoa ya muda mrefu, unaweza kuolewa na wa bei rahisi leo ukaja kulia kesho kutwa. Ulizia pia bei zilipandaje miaka mitatu iliyopita. Wengine hawatakujibu. Juu ya premiamu, ile pesa unayolipia bima, kuna tozo ndogo, ya mafunzo asilimia 0.2, ya mfuko wa fidia asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40, hizo ni za kila mtu usidhani unaibiwa.

Huo mfuko wa fidia una maana yake. Aprili 2022 Resolution Insurance, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa hizi hizi za afya, iliwekwa chini ya msimamizi, na wenye kadi wakajikuta hospitali haziwapokei. Kampuni ikianguka hivyo mfuko unalipa wateja mpaka shilingi 250,000 kwa kila dai, haizidi hapo. Kwa hivyo kampuni inayouza bei nusu ya wenzake mie inanitia wasiwasi kuliko kunifurahisha. IRA, wanaosimamia makampuni ya bima, wanatoa orodha ya waliopewa leseni kila mwaka, iangalie, na jina la ejenti au broka wako pia liwe humo. Lakini leseni haikwambii wanalipa hospitali kwa wakati. Hilo nenda kaulize dirisha la bima la hospitali unayoitumia, muulize dada wa pale taratibu bila watu kumsikia, "Hawa wanajibu haraka?" Yule anajua kuliko mkurugenzi wao.

Nilichochukua mwisho wake ni kava ya kulazwa ya mtu mmoja, si ile ya milioni nyingi zaidi, ni ya katikati lakini saratani ina limiti nono, MRI inalipwa ukiomba ruhusa, kitanda kimeandikwa aina ya chumba. Kliniki najilipia kutoka kwenye akaunti niliyoitenga, na sijaiongezea mpaka sasa. Mume wangu yuko kwenye bima ya kazini kwake nami angeweza kuniingiza humo, ila tukakubaliana yangu isimame peke yake, siku akiacha kazi tusianguke wote wawili.

Na kama unajaza ritani, usisahau nafuu ya kodi: asilimia 15 ya premiamu ya afya uliyolipa, isiyozidi 5,000 kwa mwezi yaani elfu 60 kwa mwaka. Ukilipa elfu 80 ya bima hapo una elfu 12 yako. Unahitaji sertifiketi ya bima kutoka kwa kampuni yenye PIN yako na yao, na ndiyo unayoiingiza kwenye iTax, mtandao wa kujazia ritani. Waandikie Januari uwaombe, manake ukingoja Juni kila mtu anaitaka wiki ile ile na simu zao hazishikwi.